Magadi Katika Chungu cha Makande: Somo la Jikoni kwa Wakazi wa Chini ya Mlima Meru

Kila jamii ina chakula ambacho mtu akikionja ugenini hukumbuka kwao. Kwa Wameru na Waarusha wanaoishi katika miteremko ya Mlima Meru, vyakula vya namna hiyo ni loshoro na makande. Huliwa msibani na harusini, hupewa mgonjwa anayerudiwa na hamu ya kula, na mtoto anayesoma mbali hupikiwa siku anaporejea likizo. Bibi humfundisha mkwe, na mkwe humfundisha binti, bila ya kitabu wala mizani.

Katika somo hili tutachungulia ndani ya chungu hicho kwa jicho la sayansi. Tutaeleza kazi ya magadi katika mapishi, uhusiano wake na meno ya watoto wetu, na jinsi ya kuendelea kuvifurahia vyakula hivi bila ya kuwadhuru wanaotutegemea.

1. Vyakula vyenyewe

Loshoro hupikwa kwa mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi maganda yakatoka. Mahindi hayo huchemshwa mpaka yalainike, huachwa yapoe, kisha huchanganywa na maziwa ya mgando. Nyumba nyingine huongeza ndizi. Makande ni mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja katika chungu kimoja. Majirani zetu wa Kilimanjaro nao wana kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage.

Vyakula hivi vinafanana kwa jambo moja: vina punje kavu ambazo haziivi upesi. Maharage ya zamani yaweza kukaa motoni saa tatu na bado yakakataa kupondeka. Kuni na mkaa vina gharama, na mama ana kazi nyingine zinazomngoja shambani au sokoni. Kwa sababu hiyo, tangu zamani wapishi wa sehemu hizi wametia chunguni kipande kidogo cha magadi, na maharage yakalainika mapema.

2. Magadi hufanya kazi gani?

Magadi ni chumvi ya asili. Hupatikana pale ambapo maji ya ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji hukauka kwa jua kali. Ziwa Natron, lililo kaskazini mwa Arusha karibu na mpaka wa Kenya, ni mfano mzuri. Kwa lugha ya kemia, magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, pamoja na maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele zake. Sokoni huuzwa kama mawe meupe au ya kijivu, au kama vumbi lililokwanguliwa juu ya udongo.

Ili tuelewe kazi yake, yafaa kwanza tuitazame punje ya haragwe. Punje hiyo imejengwa kwa seli nyingi ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli hizo zimeshikana kwa kitu mfano wa gundi kiitwacho pektini, na gundi hiyo huimarishwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Kupika maharage, kwa hakika, ni kazi ya kuilegeza gundi hiyo.

Magadi yanapoyeyuka, sodiamu iliyomo huchukua nafasi ya kalsiamu katika pektini. Tena, ukali wa magadi, ambao ni kinyume cha uchachu wa limau, huivunja pektini yenyewe. Seli huachana, na haragwe hupondeka kwa urahisi. Maharage yaliyowekwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu zaidi, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu hufunguka ndani ya punje na kuzidi kuishikiza gundi.

Basi tunaona kwamba bibi zetu hawakukosea. Waligundua kwa kujaribu jambo ambalo kemia imekuja kulieleza baadaye. Hata hivyo, magadi yana ila mbili. Ya kwanza ni kwamba ukali wake huharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri. Ya pili ni nzito zaidi katika nchi yetu ya Meru, nayo ni floraidi.

3. Floraidi ya Mlima Meru

Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini na kupita katika miamba hiyo huyeyusha madini haya na kuyachukua. Ndiyo maana maziwa ya Momella, upande wa mashariki wa mlima, yana floraidi nyingi mno, na mito na visima vingi vya Arumeru vina floraidi kupita kiasi kinachofaa. Mto Maji ya Chai, ulioitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya maji yake, ni mmoja wa mito hiyo. Lakini mtu asidhani kuwa rangi ni dalili. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha, na chemchemi mbili zilizo karibu zaweza kutofautiana sana.

Magadi nayo yametokana na maji ya bonde hilohilo la volkano. Maji yanapokauka, sodiamu hubaki, na floraidi hubaki pamoja nayo. Kiasi chake hutofautiana kutoka jiwe hadi jiwe, na vumbi lililokwanguliwa juu ya udongo halitabiriki kabisa. Mnunuzi hawezi kutambua kwa kutazama.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno yasioze. Ikizidi, huleta ugonjwa uitwao florosisi. Meno ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi tangu anapozaliwa hadi kufikia umri wa miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, gamba gumu la nje la jino hujengwa vibaya; jino huota likiwa na mawaa meupe, kisha hugeuka manjano au kahawia, na pengine hupukutika. Jino lililokwisha kuota haliwezi kurejeshwa hali yake kwa kulipiga mswaki. Vijana wengi wa sehemu zetu huziba mdomo kwa kiganja wanapocheka, na wengine hudhaniwa kuwa ni wachafu, hali hawana kosa lolote. Mtu akila floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: uti wa mgongo na viungo hukakamaa, na miguu ya watoto yaweza kupinda.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa vijiji vingi visingepata maji kabisa kama kikomo kingekuwa chini zaidi. Baadaye kikomo kiliteremshwa hadi 4, na sasa ni 1.5.

Watu wengi wamezoea kuyalaumu maji peke yake. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu wa meno waliochunguza vijiji vya Tanzania walikuta florosisi hata mahali ambapo maji yana floraidi kidogo, na wakaonyesha kwamba magadi ya kupikia yana sehemu katika jambo hilo. Kwa hiyo familia inayotumia maji mabaya pamoja na magadi hubeba mizigo miwili.

4. Hesabu ya sahani moja

Hebu tufanye hesabu. Tarakimu za maji na za magadi hapa ni za mfano tu, kwa kuwa kila kisima na kila jiwe lina kiasi chake.

Tuseme mama anapika makande ya watu 6. Kwa muda wote wa kupika anatia lita 5 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa lita. Maji mengi yatatoka kama mvuke, lakini floraidi haipandi na mvuke. Zote, yaani miligramu 15, hubaki chunguni. Kila sahani itakuwa na miligramu 2.5.

Sasa tuseme ametia gramu 5 za magadi, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kila gramu ina miligramu 2 za floraidi. Ameongeza miligramu 10. Jumla ni 25, na kila sahani imepata zaidi ya miligramu 4.

Mwaka 1997 wataalamu wa lishe wa Marekani waliweka kikomo cha miligramu 2.2 kwa siku nzima kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8. Mtoto wa mfano wetu amekivuka kwa sahani moja, kabla hajanywa maji wala chai. Majani ya chai nayo yana floraidi yake.

Hapa pana fundisho kubwa: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanavyozidi kupungua motoni, ndivyo floraidi inavyozidi kukolea.

5. Tufanyeje?

Yapo mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya, nayo hayahitaji fedha nyingi.

(a) Loweka. Chambua maharage na mahindi, uyaloweke tangu jioni hadi asubuhi. Ukitia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji ya kulowekea, sodiamu ya chumvi itaanza kuondoa kalsiamu katika maganda, kama magadi yafanyavyo, lakini polepole na bila ya ule ukali. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza punje, kisha pika kwa maji mapya.

(b) Nunua maharage ya msimu. Maharage mapya huiva upesi kuliko yaliyokaa ghalani mwaka mzima.

(c) Vitu vichachu vitiwe mwishoni. Nyanya, limau na maziwa ya mgando huifanya pektini isilegee upesi. Desturi ya loshoro, ya kutia maziwa baada ya mahindi kuiva, ni sahihi kabisa kisayansi. Aidha, kalsiamu ya maziwa hushika sehemu ya floraidi tumboni isiingie yote mwilini. Lakini msaada huo ni mdogo, nao hautoshi kuwa kinga.

(d) Ikiwa hapana budi kulainisha, tumia punje chache za unga wa soda ya kupikia uliosafishwa kiwandani, ule unaotiwa katika maandazi, badala ya magadi ya mawe au ya vumbi. Kumbuka kwamba nao huharibu vitamini B1.

(e) Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Paa la bati la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 10, laweza kutoa karibu lita 400. Acha maji ya kwanza yaoshe bati, kisha kinga. Maji ya mto au ya kisima yatumike kufulia na kuogea, kwa kuwa floraidi haidhuru kwa njia ya ngozi.

(f) Watoto watangulie. Ikiwa maji mazuri ni machache, yawe ya uji, ya chakula na ya kunywa ya watoto walio chini ya miaka 8. Magadi yasitiwe kabisa katika chakula cha mtoto anayeanzishwa kula.

Mahali ambapo mvua haitoshi, kuna njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River. Madini ya mfupa hunasa floraidi kama vile mifupa yetu inavyoinasa. Mkaa huo huchoka, na hapana budi kuubadilisha kwa wakati.

6. Jaribio

Jaribio hili lafaa kufanywa shuleni au nyumbani. Chukua maharage ya gunia moja, upime vikombe vitatu vilivyo sawa. Kikombe A kiache kikavu. Kikombe B kiloweke usiku kucha katika maji matupu. Kikombe C kiloweke katika maji ya chumvi, kisha usuuze. Pika kila kimoja katika sufuria yake iliyofunikwa, kwa maji ya namna moja na moto ulio sawa. Baada ya dakika 30, toa punje 10 kutoka kila sufuria kila baada ya dakika 10, uzibonyeze kwa vidole zikishapoa. Andika saa ambayo punje 9 kati ya 10 zimepondeka. Linganisha pia kuni zilizotumika.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hakuna anayeombwa kuacha loshoro wala makande. Mila yenyewe ni mahindi, maharage, maziwa na watu waliokusanyika kula. Magadi yalikuwa njia ya kuokoa kuni. Njia hiyo yaweza kubadilishwa, na chakula kikabaki kile kile. Binti akifundishwa leo kuloweka maharage jioni, wajukuu watakula makande ya bibi na kucheka bila ya kuziba midomo.

Maswali

1. Kwa nini maharage ya zamani huchelewa kuiva?
2. Eleza kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi.
3. Nyumbani kwenu mnatumia lita ngapi kwa siku kwa kunywa na kupikia tu? Kwa paa lenu, mvua ya milimita 10 ingetosha siku ngapi?
4. Rudia hesabu ya sahani moja kwa kutumia maji ya mvua bila ya magadi, ukichukulia kwamba maji hayo hayana floraidi. Umepata tofauti gani?