Milango Mitano ya Kuujua Mji

Twawasikia watu wengi wakisema kuwa jografia ni elimu ya watoto wa skuli tu: kuhifadhi majina ya mito na milima ya mbali, kisha kuyasahau mtihani ukiisha. Twaona hilo ni kosa, na madhara yake yaturudia wenyewe. Mtoto aweza kuitaja mito ya Ulaya yote, na ukimuuliza maji ya mfereji wa kwao yatoka wapi, hajui. Na pengine babake hajui pia.

Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani waliipanga elimu hii kwa milango mitano, ipate kusomeshwa kwa kuuliza na kufahamu. Tutaieleza kwa mji wetu wa Mombasa, na shahidi wetu ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliyefika hapa mwaka 1331 akalala usiku mmoja.

Wa kwanza ni mahali: mji uko wapi? Mombasa iko kiasi cha digrii 4 kusini ya ikweta, na digrii 39 na zaidi ya nusu upande wa mashariki. Makka nayo iko karibu na mstari huo huo wa mashariki. Ndiyo sababu kibla chetu ni kaskazini, takriban sawasawa.

Wa pili ni sifa: mji ukoje? Ibn Battuta alikuta kisiwa chenye migomba na milimau, watu wa dini, na misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti.

Wa tatu ni mafungamano ya watu na ardhi yao. Aliandika kuwa watu hawa hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka ng'ambo, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Visima vilikuwa milangoni mwa misikiti. Leo maji yetu mengi yaja kwa mabomba kutoka mbali, kama chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Na kisima cha karibu na bahari kikitekwa kupita kiasi, chumvi huingia.

Wa nne ni mwendo wa watu na vitu. Ibn Battuta alitoka Mogadishu, akapita hapa, akaenda Kilwa, kisha akarejea Dhofar. Na vyombo vya zama zile vilishuka kwa kaskazi, vikapanda kwa kusi. Mwaka 1896 reli ilianzwa hapa Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901, na hata leo shehena za Uganda hupitia Kilindini.

Wa tano ni janibu: nchi zilizofanana zikahesabiwa pamoja. Jina letu Waswahili latokana na neno la Kiarabu *sawahil*, yaani pwani. Basi jina lenyewe ni la jografia.

Sasa na tuizingatie milango hii pamoja. Kisiwa chetu tangu kale hakijilishi, na leo hata maji ya kunywa chategemea ya mbali. Mwenye kulijua hilo atalinda kisima chake, na atauliza panapokatwa shauri la maji na ardhi. Asiyejua hukatiwa shauri na wengine, naye akabaki kulalamika barazani.

Basi kila mzazi amketishe mwanawe leo usiku, amuulize maswali haya matano juu ya mtaa wao. Na lile atakaloshindwa kulijibu yeye mwenyewe, asione haya kwenda kuliuliza.

Wabillahi taufik.