SOMO: MIEZI SITA YA KULINDA UMBO LA KAZI YETU NCHI ZA NJE



Katika sharika za Kakonko, Kibondo na Kasulu swali hili hurudi: akina mama wakibuni kikapu cha umbo jipya, na rafiki wa usharika akataka kikauzwe Ujerumani, nani atazuia kiwanda cha huko kukiiga? Somo letu ni haki ya kipaumbele.

Haki hii imo katika Mkataba wa Paris wa 1883, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1963. Mtu akiomba kusajili umbo la bidhaa katika nchi mwanachama, hupata miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama, na maombi hayo ya baadaye hayaharibiwi na jambo lililotokea katikati. (Hataza ni miezi 12, wengi huchanganya.)

Tuseme kikundi cha Kasanda kimewasilisha ombi tarehe 10 Machi kwa ARIPO, shirika la miliki bunifu lililoko Harare. Tanzania imo katika Itifaki ya Harare tangu 1999, na ombi la kikanda huhesabika kama la taifa. Mwezi Mei kikapu kinauzwa maonyeshoni. Julai mtu wa Ulaya anaomba kusajili umbo lilelile. Kikundi kikipeleka ombi katika ofisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante, Hispania, hadi tarehe 10 Septemba, huyo wa Julai amechelewa. Lakini kipaumbele hakiji chenyewe. Lazima kidaiwe, kwa kutaja tarehe na mahali pa ombi la kwanza, pamoja na nakala iliyothibitishwa. Tarehe 11 ni kuchelewa, isipokuwa siku ya mwisho iwe ya ofisi kufungwa.

Hapa ndipo tunapoponzwa na ukarimu wetu. Kipaumbele hakirudi nyuma ya ombi la kwanza. Umbo lazima liwe jipya, na picha iliyotumwa kwa wafadhili au kuchapishwa katika jarida kabla ya ombi yaweza kuliondolea upya huo. Ulaya humvumilia mbunifu aliyejitangazia mwenyewe kwa miezi 12, ila si nchi zote zenye huruma hiyo. Mishono tuliyorithi kwa bibi zetu si mipya. Hatuwezi kuisajili sisi, wala mgeni hana haki ya kuisajili kuwa yake.

Kwa hiyo msishangae kwamba ukurasa huu hauna picha ya kikapu.

Kamati za sharika ziandike tarehe ya kila umbo jipya na jina la aliyelibuni, kisha zitume ujumbe ofisi ya miradi kabla ya mgeni yeyote kupiga picha. Marafiki wafadhili, gharama kubwa si ada ya Harare peke yake: mwombaji asiye na makazi Ulaya hulazimika kuwakilishwa na wakala wa huko, naye hulipwa ndani ya miezi hiyo hiyo 6. Ahadi inayofika mwezi wa saba haitusaidii kwa jambo hili.