KUMFUNDISHA MTU MZIMA KIINGEREZA

Wakati wa likizo, huko Katesh, nilimfundisha Kiingereza Mwiraqw mmoja wa rika la baba yangu, aliyetaka kazi ya kuwaongoza wageni wapandao Mlima Hanang. Kiswahili alikijua vizuri. Mlima ule una urefu wa mita 3,420, na njia zake zina miteremko mikali. Kwa hiyo kiongozi hana budi kutofautisha slip, yaani kuteleza, na sleep, yaani kulala. Baba huyu aliyatamka yote mawili "silipu". Mgeni aliyekanyaga jiwe lenye maji akiambiwa asilale, atacheka tu, kisha ataanguka.

Wengi husahihisha kosa hili kwa mifano ya Kiswahili. Naona haifai, maana maneno ya Kiswahili humalizika kwa irabu, na ndiyo sababu mwanafunzi huongeza u mwishoni. Mimi nilimwomba aseme "wewe" kwa Kiiraqw, kwanza kwa mwanamume, kisha kwa mwanamke. Akasema kuung, kisha kiing. Tazama, msomaji, mali iliyomo humo! Maneno yote mawili humalizika kwa konsonanti, kama Haydom na Dongobesh. Tena i ya kiing ni ndefu, nayo ndiyo ya sleep. Ile ya slip ni fupi, na huelekea e kidogo.

Lakini upo mtego. Katika maandishi ya Kiiraqw, sl ni sauti moja, pumzi ikipita kando ya ulimi, kama katika slee, yaani ng'ombe. Kiingereza hakina sauti hiyo. Nilimwambia avute s peke yake, kisha aseme lip. Jambo hili lilituchukua jioni tatu, na ng'ombe alitajwa mara nyingi.

Sarufi ilikuwa nyepesi zaidi. Kila mgeni kwake alikuwa he, hata akiwa bibi, kwa kuwa "yeye" ya Kiswahili haichagui. Nikamwuliza, "Baba, waweza kumwambia mama kuung?"

"Atanishangaa, mwalimu."

"Basi mgeni wa kike naye hushangaa akiitwa he."

Tangu hapo alijisahihisha mwenyewe.

Zoezi tulilotumia ni hili, nawe waweza kulijaribu na mzazi wako: She slips. He sleeps. Kisha ligeuze: He slips. She sleeps. Ile s ya mwisho isikike kila mara.