Upekuzi Ghalani: Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Minada ya ufuta ikimalizika na ya korosho ikikaribia, mfanyabiashara wa Nachingwea na Ruangwa huwa na mambo mawili kichwani: bei na mahali pa kuweka mzigo. Jambo la tatu hulikumbuka siku gari la polisi linaposimama mbele ya ghala lake. Siku hiyo wengi hufanya kosa moja. Hutia sahihi karatasi wasiyoisoma ili wageni waondoke upesi.

Wiki hii ukurasa wetu unaweka bei kando na kutoa somo juu ya karatasi hiyo. Somo hili linamhusu pia mwenye duka anayemshuku karani wake, kwani kanuni ya ushahidi ni ileile, awe polisi ndiye anayepekua au mwenye mali.

Ghala la mazao hukaguliwa

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kisha ukasambaa. Chini ya mfumo huo mkulima hupeleka mazao yake chama cha msingi, nayo huingia ghala kuu na kuuzwa mnadani. Kwa wilaya zetu chama kikuu ni RUNALI, kinachounganisha vyama vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Anayenunua pembeni kwa kipimo cha bakuli, kwa biashara inayojulikana kama kangomba, anavunja utaratibu huo.

Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Timu za uhakiki zilipita vijijini kuuliza kila mwenye magunia shamba lake liko wapi. Wenye karatasi walikuwa na la kuonyesha. Wasio na karatasi walibaki na maneno matupu.

Nani anaruhusiwa kuingia

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ndiyo msingi. Kwa kifungu ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa cha 38, mkuu wa kituo cha polisi akiwa na sababu za msingi za kushuku anaweza kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi. Mahakama nayo inaweza kutoa hati ya upekuzi. Hati hiyo hutekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, lakini kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Upo pia upekuzi wa dharura usiohitaji hati, pale ambapo kuchelewa kungepoteza ushahidi.

Kwa hiyo, msomaji, usimzuie askari kwa nguvu wala usifunge mlango. Omba kwa adabu kuona kitambulisho na idhini yake. Andika jina, namba yake ya kazi, kituo anachotoka, tarehe na saa. Akisema ni dharura, andika hivyo hivyo. Ikiwa mgeni ni ofisa wa kodi, ambaye sheria ya mwaka 2015 inampa uwezo mkubwa wa kuingia na kukagua vitabu, naye muombe kitambulisho na barua ya idhini. Mwanamke atakayepekuliwa mwilini sharti apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Mwombe pia mjumbe wa mtaa au jirani asiye na ugomvi wala undugu na upande wowote awepo kama shahidi. Shahidi huyo anakulinda wewe na anamlinda askari mwaminifu.

Hati ya ukamataji

Kitu kikichukuliwa, sheria inamtaka askari atoe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye mali au msimamizi wa jengo, pamoja na sahihi za mashahidi kama wapo. Shabaha yake ni kuthibitisha kwamba kitu kilitoka mahali palipotajwa, wala hakikuletwa na mtu kutoka nje.

Hapo ndipo penye hatari kwa asiyesoma. Katika rufaa iliyotokana na pembe za faru zilizokamatwa mpakani Kasumulu mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ilichukua kwamba mshtakiwa aliyetia sahihi hati ya ukamataji alikubali kuwa pembe hizo zilikutwa kwake. Sahihi yako, basi, ni zaidi ya kukiri kwamba askari walifika. Inasema: "Vitu hivi vimekutwa kwangu."

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa ufuta pale Naipingo. Ghalani mna magunia 42. Kati ya hayo 30 ni yake na 12 ameyahifadhi kwa niaba ya jirani. Hati ikiandikwa "magunia ya ufuta, mengi", naye akatia sahihi, amepoteza mara mbili. Hataweza kudai magunia 42 yakirudi 35, wala hataweza kueleza habari za yale 12. Afanye hivi: ahesabu pamoja na askari, yapimwe kama mizani ipo, yawekwe alama, na hati itaje idadi, uzito, alama, upande wa ghala yalipokutwa na nani anadai kuyamiliki. Nafasi isiyoandikwa ipigwe mstari isijazwe baadaye. Akiona kosa, aombe lirekebishwe kabla ya sahihi. Likikataliwa, aandike pembeni ya sahihi yake kile asichokubaliana nacho. Abaki na nakala, na kama hakuna nakala aombe kuipiga picha.

Safari ya kielelezo

Kitu kikitoka ghalani huitwa kielelezo, na safari yake lazima iandikwe. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba panatakiwa kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa wakati, zinazoonyesha ukamataji, utunzaji, uhamishaji, uchunguzi na hatima ya kielelezo. Mfanyabiashara anaijua kanuni hii kwa jina jingine, nalo ni daftari la stoo. Nani kakabidhi, nani kapokea, lini, kikiwa na hali gani.

Hata hivyo mtu asijidanganye kwamba pengo dogo katika maandishi huvunja kesi papo hapo. Katika hukumu za baadaye Mahakama imefafanua kwamba ukali hupungua kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa au kuchezewa. Gari lenye namba ya injini ni rahisi kulitambua. Gunia la korosho linafanana na gunia jingine, kwa hiyo lisipotiwa alama mapema, ubishi hauishi.

Kwa upande wa askari, anayeruka taratibu anahatarisha kazi yake mwenyewe. Ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria hiyo unaweza kukataliwa, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kuna manufaa makubwa kwa umma bila kumwonea mshtakiwa isivyostahili.

Kompyuta, simu na kamera

Siku hizi daftari la mfanyabiashara limo pia ndani ya simu. Mahakama zetu zilianza kulikabili jambo hili mapema: mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizomo kwenye kompyuta zinaweza kupokewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaweka vigezo vya kupima uzito wake: je, njia iliyotumika kutengeneza, kutunza na kutuma taarifa inaaminika? Je, taarifa imebaki bila kuguswa? Je, aliyeianzisha ametambuliwaje?

Kutokana na maswali hayo matatu, zingatia haya:

1. Kompyuta iliyozimwa isiwashwe, maana kuiwasha peke yake hubadilisha kumbukumbu za ndani. Iliyo wazi ipigwe picha ya kioo kabla ya jambo lolote, na mtaalamu aamue namna ya kuizima.

2. Simu iandikwe aina, rangi, namba ya IMEI na laini zilizomo. Ikiwa inawaka ikatwe mtandao, kwani ujumbe unaweza kufutwa kutoka mbali. Kisha itiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa lakiri na kutiwa sahihi juu ya lakiri.

3. Picha ya ujumbe uliotumiwa na mtu mwingine ni dhaifu kuliko simu yenye ujumbe wenyewe. Itunze simu hiyo.

4. Mashine ya kamera za ulinzi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi. Usingoje mwezi uishe. Andika pia saa ya mashine na saa halisi, kwani mashine nyingi hazisemi saa sahihi.

5. Faili likinakiliwa, mtaalamu anaweza kukokotoa kwa programu namba ndefu inayolitambulisha. Ikibadilika hata herufi moja ndani ya faili, namba hubadilika. Namba hiyo iandikwe kwenye hati.

6. Taarifa za miamala ya benki na ya fedha za simu ziombwe kwenye kampuni husika. Usitegemee karatasi uliyochapa mwenyewe.

Ukipekua duka lako mwenyewe

Sasa upande wa pili. Stoo imepungua mifuko ya saruji, nawe unamshuku karani. Stoo, daftari, mashine ya risiti na kompyuta uliyonunua ni vyako, na una haki ya kuvikagua. Lakini wewe si polisi. Mkoba wa karani na simu yake binafsi si mali ya duka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na kuingia kwenye simu ya mtu bila idhini kunaweza kukufikisha mahakamani wewe mwenyewe chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Omba ridhaa mbele ya shahidi. Akikataa na wizi ni mkubwa, nenda kituoni.

Hesabu ya stoo ifanyike karani akiwepo pamoja na shahidi, iandikwe na kutiwa sahihi na wote. Mpe nafasi ya kujieleza kwa maandishi kabla ya kumfukuza. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Mwenye duka aliyeibiwa kweli anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa sababu tu alimfukuza mtu kwa hasira, kisha akaanza kutafuta ushahidi. Karani ana siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi, na siku hiyo utaulizwa karatasi.

Hesabu ya mwisho

Kwa mwekezaji mdogo, magunia 42 huenda ndiyo mtaji wote, pamoja na mkopo uliouzaa mtaji huo. Mzigo ukikaa kituoni miezi kadhaa, bei hushuka na riba hupanda. Hati iliyoandikwa vizuri haimfichi mwenye kosa, bali humtenganisha na asiye na kosa mapema.

Wiki hii, kabla msimu haujachanganya, fungua jalada moja: mikataba ya kuhifadhi mali za wengine, stakabadhi za chama cha msingi, risiti za mashine na orodha ya namba za IMEI za simu za biashara. Nakala moja iwe nje ya ghala. Wazee wa madukani waliandika ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye upekuzi, daftari hilo ni hati utakayopewa mlangoni. Isome yote, ndipo utie sahihi.