SOMO: SAA KUUKUU — UZEE SI UBOVU

Kikundi kimoja cha akina mama hapa Kasigau kilitoa pesa za mfuko kununua saa ya mkono ya mtumba kule Voi, ili mikutano ianze kwa wakati. Ilikuwa inang'aa kama mpya. Baada ya majuma mawili ikasimama. Minong'ono ikaanza, eti mweka hazina amekula pesa. Fundi alipoifungua mbele yetu, kumbe ndani ni kutu tupu: maji yaliingia zamani. Mama wa watu hakuiba. Hakujua tu cha kuangalia. Basi tujifunze pamoja.

Uzee wa kawaida
Mikwaruzo kwenye kioo, uso uliobadilika rangi, kasha lililolika kwa jasho: hizi ni alama za kazi, kama mpini wa jembe unavyolainika. Kioo cha plastiki chaweza kung'arishwa, hata kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Saa ya namna hii yaweza kufanya kazi miaka mingi bado.

Ubovu wenyewe
Ukungu chini ya kioo ni maji. Mpira mwembamba unaoyazuia hukauka na kupasuka kwa miaka. Saa isiyotumia betri ina mafuta kidogo sana ndani. Yakikauka ama yakishikana na vumbi, vyuma husagana. Kwa hivyo isafishwe na kutiwa mafuta kila miaka 5 hivi. Ile ya betri, betri ikifa itolewe upesi, kwani huvuja na kula vyuma.

Hadhari! Saa nyingi zilizong'aa gizani, za hadi miaka ya 1960, zilipakwa radiamu. Mng'ao huisha lakini sumu yake hubaki. Msizifungue wala kukwangua uso wake.

Kabla ya kutoa pesa
1. Nendeni wawili, si mmoja.
2. Mwombeni muuzaji afungue kifuniko cha nyuma. Mkiona kutu, iacheni.
3. Zungusheni mishale, isikwame.
4. Ilinganisheni na saa ya simu kwa nusu saa.
5. Daini risiti.

Tujadiliane
Je, kikundi chetu kikinunua kitu kuukuu, nani hukikagua? Na kikiharibika, twatafuta sababu kwanza ama twatafuta mwizi?