Kumtenga Mtoto Aliyepotea katika Picha ya Pamoja

Mtoto anapopotea Buyenzi au Kinama, picha pekee iliyopo nyumbani huweza kuwa ya harusi: amesimama katikati ya shangazi zake, bega limefunikwa na kitenge cha mwingine. Kabla ya tangazo kutoka, hao wengine sharti waondolewe, wao hawatafutwi.

Programu ya GIMP haina malipo, nayo yatosha. Chora mstari wa kumzunguka mtoto, kisha bonyeza Shift na Q kwa pamoja. Sehemu isiyochaguliwa itavikwa wekundu hafifu. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Brashi nyeupe huongeza eneo, nyeusi hupunguza, na ya kijivu huchagua nusunusu. Hiyo ndiyo ifaayo kwenye nywele, kwani nywele za kipilipili zikikatwa kwa mstari mnyoofu, mtoto huonekana kama aliyenyolewa. Bonyeza tena Shift na Q, punguza eneo kwa pikseli moja ili rangi ya kitenge cha jirani isibaki shavuni, kisha lainisha ukingo kwa pikseli mbili.

Wengi hulainisha mno ili picha ipendeze. Sikio huyeyuka, kovu la ukingoni mwa taya hutoweka, na aliyempita mtoto huyo sokoni hatamtambua. Bega lililofunikwa nalo liachwe limekatika. Kulichora ni kubuni.

Usitumie kifutio: ficha mandhari kwa barakoa ya leya, ili kilichokatwa kimakosa kirudishwe. Faili asilia ihifadhiwe bila kuguswa, maana mpelelezi ataihitaji.