Gharama ipi inaingia kwenye bei?

Wenzetu wa biashara husoma uhasibu wa menejimenti, nasi wa masomo ya Kiislamu husoma fiqhi ya mauzo. Mimi naona vitabu hivi viwili vinakutana katika swali moja: bidhaa hii imenigharimu kiasi gani?

Tuseme mama mmoja wa Kamembe anavusha mayai kwenda Bukavu. Trei moja anainunua faranga 3,000, mbebaji anamlipa 100, anauza 3,600. Hizo 3,100 ni gharama zinazobadilika, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na idadi ya trei. Kodi ya kibanda 40,000 na mlinzi 10,000 kwa mwezi hazibadiliki, auze asiuze. Kila trei inamwachia 500. Gawanya 50,000 kwa 500, unapata trei 100. Kabla ya trei ya 101 hana faida hata faranga moja, ingawa kila jioni mkoba umejaa noti. Wengi mtaji wao unaliwa hapo bila wao kujua.

Sasa tuje kwenye murabaha, ambapo muuzaji humtajia mnunuzi gharama yake kisha huongeza faida waliyokubaliana. Wengi wetu tumelelewa kwenye madhehebu ya Shafi, lakini kwa hili nimependa al-Hidaya ya al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), maana anazitaja gharama moja moja. Ujira wa kubeba chakula unaongezwa kwenye mtaji. Ujira wa mchungaji na kodi ya ghala haviongezwi. Naye muuzaji asiseme "nimenunua kwa 3,100", huo ni uongo, alinunua kwa 3,000. Aseme "imenisimamia kwa 3,100".

Usidhani lakini kwamba mgawanyo wa mafakihi ni uleule wa wahasibu. Mhasibu anauliza kama gharama inafuata idadi. Wao wanatazama kama imeongeza kitu katika bidhaa au thamani yake, pamoja na desturi ya wafanyabiashara. Kodi imetoka nje kwa njia zote mbili, ila sababu ni tofauti.

Je, mama yule akiigawa ile 50,000 kwa trei 100, akamwambia mnunuzi kwamba trei imemsimamia kwa 3,600, faida asilimia 10? Bei inakuwa 3,960, wakati ya haki ni 3,410. Hiyana ikidhihirika, kwa Abu Hanifa mnunuzi ana hiari: achukue kwa bei yote au arudishe. Mwanafunzi wake Abu Yusuf anasema inapunguzwa hiyana pamoja na fungu lake la faida, yaani 500 na 50. Kwa trei 20 hizo ni faranga 11,000, na mnunuzi anabaki na mayai yake.